Dereva Aliyeshuka Kwenye Gari

Katika zahanati moja hapa Karatu nilikaa benchi moja na dereva wa watalii na mkewe. Muuguzi alimfunga dereva kipimo cha presha mkononi, akasoma, akatikisa kichwa. Ilikuwa juu tena, ingawa dawa alikuwa anameza.

"Baba, kwani unapumzika lini?"

"Mimi kila siku nipo kwenye msitu wa Ngorongoro, sista. Hewa safi kabisa."

"Ukifika unashuka?"

"Wanashuka wageni. Mimi nabaki na gari."

Benchi zima tukacheka. Mkewe hakucheka. Alikaza khanga kiunoni, akasema, "Jumapili tukitoka kanisani tunakwenda wote. Kwa miguu."

Mwezi uliofuata nikawakuta pale pale. Muuguzi alipima, akahamia mkono wa pili. Mke alikuwa amefumba macho.

"Imeshuka, baba. Umefanya nini?"

"Dawa ni zile zile. Ila kila Jumapili askari wa msitu anatupeleka mpaka kwenye kijito. Tunaokota mifuko ya plastiki iliyonasa vichakani, halafu tunavua viatu, tunakaa kimya. Juzi nilipitiwa na usingizi, mama huyu akawa ananifukuzia nzi."

Mke akashusha pumzi ndefu, akacheka mpaka akafuta machozi. "Nilishajiona mjane," akasema.

Nami nikawaza jinsi sisi wengine tunavyoupita msitu ule tumefunga vioo kwa kuogopa vumbi, tukiwahi mjini kununua dawa za usingizi.