Nilivyopaka Nyonyo Reli za Mdachi

Mwaka 1909, nikiwa na miaka ishirini, ndipo shida zangu zilipoanza. Nilishuka kutoka milimani Uluguru, nikapata kazi Morogoro mjini ya kutunza bustani ya Mdachi mmoja wa reli. Kusoma sikujua, na mpaka leo najua kidogo tu. Lakini kwa kazi sikuwahi kushindwa na mtu.

Bwana yule alikuwa na kigari cha moshi cha kuchezea, cha bati na shaba, urefu wa mkono wangu. Kilitiwa maji tumboni na moto wa spiriti, kikapiga mluzi kama kile kikubwa cha stesheni. Reli zake zilipanda kilima cha bustani mpaka barazani. Kuzifuta kila asubuhi ilikuwa kazi yangu.

Siku moja kigari kikagoma. Kilipofika mwanzo wa kilima magurudumu yakazunguka palepale, kikarudi nyuma. Bwana akakikagua, asione kitu.

"Jumapili nina wageni," akaniambia. "Kisipopanda, wewe umekiharibu. Utakwenda bomani, hamsa ishirini."

Maana yake viboko ishirini na tano. Nilikwisha kumwona mtu aliyetoka kuvila. Alikuwa anatambaa.

Mpishi wa Bwana alikuwa Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu Waluguru, basi huruma hakuwa nayo.

"Mluguru mzima, umezaliwa mlimani, kigari kinakushinda kupanda?"

"Nyamaza, mla nazi we!"

Akainama, akagusa reli, akanusa kidole. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mtani! Haya si mafuta ya nyonyo?"

"Ndiyo. Juzi nilizipaka zing'ae."

"Umezipaka kama mwali anayetolewa nje! Wewe ukijipaka nyonyo nyayoni, mlima utaupanda?"

Mgongo ukanisisimka. Kumbe kosa ni langu kweli, na sasa kuna anayelijua.

"Utamwambia Bwana?"

"Mtani wangu nitamzika mimi, siyo Mdachi," akasema, akaniletea majivu ya jikoni. Tukazisugua reli mpaka zikakauka.

Jumapili kikapanda. Wageni wakapiga makofi, nami nikadhani nimepona. Bwana akakigeuza kishuke. Breki hakina. Kikaja mbio kinayumba, na chini kuna mawe. Niliona boma tu mbele yangu. Nikakidaka kwa mkono wa kulia, kikaniunguza, sikukiachia.

Bwana alikagua magurudumu kwanza, moja moja. Kisha ndipo akautazama mkono wangu.

"Hakijavunjika," akasema. "Nenda."

Nilikwenda nyuma ya jiko, nikatapika.

Leo nina nyumba ya bati Mafiga, vyumba vinne. Shamba la mahindi na migomba Mlali. Mbuzi kumi na mmoja. Baiskeli. Kiganja cha kulia kisichokunjuka sawasawa, na mgongo usio na alama hata moja. Kuku sihesabu.