Shimo la Mama Shimo Linataka Miguu Minne

Umande haujakauka, na tayari Mama Shimo yumo ndani ya shimo lake, suruali ya marehemu mumewe kaikunja hadi magotini, anakanyaga. Mahindi mabichi, mtama na kunde vilivyokatwakatwa vinabonyea chini ya nyayo zake. Hewa ikibaki humo, malisho yataoza, na leo lazima yafunikwe.

Majirani walimbandika jina hilo kwa kuwa ndiye wa kwanza hapo kuvundika shimoni chakula cha ng'ombe cha kiangazi. Ila kuchanganya mimea halikuwa wazo lake. Lilikuwa la wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja.

"Alipanda mtama na kunde katikati ya mahindi yangu," anasimulia. "Akaniambia, 'Wifi, mvua ikikimbia, mtama utabaki umesimama.' Nikamjibu, hili ni shamba, si kapu la sokoni!"

Wifi aliposafiri kwenda msibani, Mama Shimo aling'oa miche yote, akaitupa njiani. Mwenzake aliikuta hapo imekauka. Hakugomba. Alimfungua zizini mtamba wake, ng'ombe ambaye hajazaa bado, akahama naye.

Msimu huo mvua ilikatika, mahindi yakanyauka. Ng'ombe wa Mama Shimo, aliyetoa lita kumi na mbili kwa siku, alishuka hadi tatu, kisha akalala asiamke.

"Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu kaja na mizigo yake yote, haondoki!" Anacheka, kisha machozi yanamlengalenga. "Ng'ombe nimenunua mwingine. Wifi nitamnunua wapi?"

Safari hii kapanda kama wifi alivyotaka, na jana kamtuma jirani akamwite wifi aje wakanyage pamoja. Jirani anafika mchana, peke yake.

"Kasemaje?"

"Kasema amesikia."

"Hakusema haji?"

"Kasema amesikia tu, mama."

Mama Shimo anarudi kukanyaga. Jua linapoinama, hasubiri tena. Anakunjua nailoni, anavuta ncha moja.

"Wifi, shika huko!" linamtoka, kwa mazoea.

Jirani anashika. Wanafukia kwa udongo.

"Nusu hii ni ya mtamba wake," anasema Mama Shimo, akipangusa mikono. "Kiangazi nitambebea kichwani, mimi mwenyewe. Akinifungia mlango, nitautua mzigo hapo hapo nje. Ng'ombe wake hajagombana na mimi."