Watoto wa Mazimwi Walikuwa Wapi

Mwalimu mwenzangu wa Historia alikuwa na sauti ndogo, na wengi walidhani ni mtu wa kukubali kila kitu. Tulifundisha shule moja ya sekondari hapa Kawajense, mjini Mpanda, na Ijumaa mchana tulisimamia pamoja klabu ya waandishi. Yeye alizaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa wazazi waliokimbia Burundi. Alikulia huko kwenye mashamba ya mahindi na maharage, akapata uraia wa Tanzania pamoja na wazazi wake, akasomea ualimu na kupangiwa huku. Hayo aliyataja kwa kupita tu, kama mtu anavyotaja mtaa anaokaa.

Wanafunzi wetu walipenda hadithi za ajabu: falme zisizokuwepo, mapanga yanayosema, mazimwi. Hodari wao alikuwa binti wa kidato cha tatu kutoka Usevya, kwao wakulima wa mpunga. Siku moja alitusomea hadithi ndefu ya shujaa na mazimwi. Zimwi mmoja alikuwa amemla mchungaji wa mfalme. Shujaa akavuka mto alfajiri, akakizingira kijiji cha mazimwi, akakichoma chote, akarudi nyumbani kwa ngoma na vigelegele. Darasa zima lilipiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana ule moto alikuwa ameuandika hadi unausikia unavyolia kwenye nyasi za mapaa.

Mwenzangu alisubiri kelele zitulie. Kisha akamwuliza binti, kwa upole kabisa, "Watoto wa mazimwi walikuwa wapi asubuhi ile?"

Binti alisema hakuwa amewafikiria. Wenzake wakamtetea: zimwi ni zimwi hata akiwa mdogo, wameumbwa wabaya. Nilidhani mwenzangu angeanza kuwahubiria. Badala yake aliwauliza kuhusu simba. Wengi wao wana ndugu wanaolima au kuchunga jirani na hifadhi, kwa hiyo walijua simba akiua mtu kinachofuata ni nini. Askari wa wanyamapori wanaitwa, pengine anapigwa risasi. Akawauliza kama kuna simba aliyewahi kupelekwa mahakamani. Wakacheka, wakasema simba hajui anachofanya.

"Basi chagueni," akawaambia. "Kama zimwi kaumbwa hivyo na hawezi kuwa vingine, huyo ni hatari, lakini hana hatia. Jikingeni naye, ila msijiite mahakimu. Na kama anaweza kuchagua, kila zimwi ana kesi yake mwenyewe. Sasa hapo mmechoma wangapi kwa kosa la mmoja?"

Walibishana mpaka kengele ikagonga, na Ijumaa iliyofuata wakaanzia palepale. Nimefundisha muda mrefu, na sikuwahi kuona darasa likibishana hivyo juu ya viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwaona.

Katika ubishi huo binti yule akauliza kitu bila ubaya wowote. "Madam, kwani hao mazimwi ni nyie? Nyie wa Mishamo?"

Nilitaka kuingilia kati, lakini mwenzangu hakuonekana kuhitaji msaada wangu. Alikaa kwenye ukingo wa meza akamjibu binti peke yake, kama vile sisi wengine hatupo.

"Hapana. Watu wangu ni watu. Mtu akitaka kuwaumiza ndipo anapowaita mazimwi, kwa hiyo mimi siwezi kumkubalia hata kwa hadithi. Mazimwi ni wako wewe. Umewaumba, ukawapa ubaya, ukawachoma. Haki yao uitafute humohumo ulimowaweka."

Sijasahau namna alivyolisema hilo bila kukasirika. Angeweza kuchukua huruma ya darasa zima dakika ile, wangempa yote. Hakuitaka.

Binti aliiandika hadithi upya ikawa mchezo wa kuigiza, na klabu ikaomba kuuonyesha siku ya wazazi. Baadhi ya walimu walinung'unika kwamba tunawafundisha watoto kuyaonea huruma mashetani. Mwenzangu alimpelekea mkuu wa shule ule mchezo, akamwomba ausome kwanza ndipo aamue. Akausoma, akaruhusu.

Kwenye mchezo, zimwi aliyekula mtu anakamatwa akiwa hai na kushtakiwa mbele ya mfalme. Anapatikana na hatia, na hasamehewi. Watu wanapoanza kuondoka, anaingia bibi kizee wa kizimwi, amejaa majivu, anamshtaki shujaa kwa kuchoma kijiji. Mfalme anauliza ni sheria gani inayomruhusu zimwi kumshtaki binadamu. Bibi anajibu, "Ileile mliyomhukumia mwanangu sasa hivi."

Hapo, mchezo ukiendelea, baba yake binti akasimama katikati ya wazazi. Msimu ule mpunga wake ulikuwa umeliwa na ng'ombe wa wafugaji, na alikuwa hataki hata kuwaona hao watu. Alisema aliyepotelewa na mtu wake naye ana uchungu, na sisi walimu tunamhurumia zimwi.

"Simhurumii, baba," mwenzangu akajibu. "Aliyekula kahukumiwa, umeona mwenyewe. Ninachokataa ni kumchoma jirani yake."

"Na huyo jirani? Si alikuwa anaona mwenzake anakula, akanyamaza?"

Mbele ya wazazi wote mwenzangu akasema, "Hilo ni swali la kweli, baba. Jibu lake lote sina."

Mzee hakupiga makofi, ila aliketi akatazama mpaka mwisho. Wiki iliyofuata binti alituletea onyesho jipya. Jirani wa zimwi anaulizwa kwa nini alinyamaza, anaeleza kwamba aliogopa, na mahakama inampa lawama yake, ndogo kuliko ya muuaji, lakini yake. Alituambia baba yake ndiye aliyemsumbua nyumbani, kila siku anataka kujua huyo jirani atasema nini. Mwenzangu alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Alisema mzee yule ameutengeneza mchezo mahali ambapo yeye aliuacha na tundu.

Sasa mwenzangu anafundisha Mishamo, karibu na mama yake, na klabu ameianzisha huko pia. Binti amemaliza shule, bado anaandika, anatutumia sura za hadithi zake kwenye simu. Katika ile ya juzi kuna zimwi anayeuza vitumbua, mvivu, mdokozi wa sukari ya dada yake, na anampenda mke wa mtu. Nilimpigia mwenzangu jioni ileile tukaisoma kwa sauti, tukicheka, na wote wawili tulikubaliana kwamba huyo mwizi wa sukari anastahili kuchapwa.