Kipande Alichokiruka Agnita

Wageni wanaolala kwenye nyumba ya wageni ninayoifanyia usafi wana swali lao moja, na huliuliza wakiwa wamesimama mlangoni, kofia mkononi, ngozi zimeshababuka kwa jua: Eudora, hapa kisiwani kuna nini cha bure? Nikiwa na hali nzuri nawajibu. Bahari ni bure. Kupanda kilima ni bure, na ukifika juu hakuna wa kukudai. Kuwatazama ndege wakijitupa majini kuvua ni bure. Ukisikia ngoma uani kwa mtu, ingia tu. Ni sadaka ya marehemu wao, utapewa sahani ya wali na nyama ya mbuzi na hakuna atakayekuuliza wewe ni wa nani.

Nikiamka vibaya nawaambia waje Jumanne ya kanivali, wasimame njia panda ya kijiji chetu, Petit Fond, waone watu wazima wakichanana migongo kwa mijeledi. Hiyo nayo haina kiingilio. Ila siku hizi imepoa mno, vijana wanapigana huku wanatafuta kamera iko wapi. Enzi zetu mtu alikuwa anarudi nyumbani na sikio lake mfukoni.

Sijawahi kuwasimulia habari za Agnita Quashie. Wanamwona kila siku ng'ambo ya barabara, ameketi kwenye ngazi anamenya mbaazi. Wanampungia mkono naye anawapungia. Wanasema ana uso wa upole. Upole! Yule mama nimemwona kwa macho yangu akimpasua mtu kichwa kwa jiwe, kisha akamwuliza kama anataka la pili.

Mumewe, Titus, alikuwa mfalme wa Petit Fond kwenye mchezo wa mijeledi. Wafalme wa vijiji viwili hukutana njiani, wamevaa barakoa za wavu wa waya, na kichwani taji la nguo nzito linaloshuka mpaka kiunoni kukinga mgongo. Mmoja anadai hotuba, mwenzake anaimwaga: hotuba ndefu za Kiingereza cha zamani, zimejaa mapanga na wafalme waliosalitiwa, na hutakiwi kusita hata kumeza mate. Ukiruka mahali, unageuka, unapigwa mjeledi mmoja, unavua barakoa na kwenda zako nyumbani mpaka mwaka ujao. Ukikataa kwamba umeruka, basi ni vita, na vijiji vyote viwili vinaingia.

Titus hakujua kusoma. Aliyejua ni Agnita. Jioni alikuwa akimmwagia mumewe maji ya kuoga huku anamtajia hotuba, sentensi kwa sentensi, mwiko mkononi. Titus akikosea, mwiko unatua kwenye vifundo vya vidole. Baadaye kijiji kizima kikapita jikoni kwake. Mchezaji yeyote wa Petit Fond aliyefungua mdomo barabarani, maneno yalikuwa yametoka kwa Agnita, na vidole vya huyo mchezaji vilikuwa vimevimba kwa mwiko. Kubishana kulikuwa kunaishia hapo: Agnita kasema ndivyo, basi ndivyo. Na siku yenyewe ya mchezo yeye ndiye aliyetutangulia sisi wanawake, kila mtu na ndoo yake ya mawe. Nilizipenda sana siku zile, siwezi kusema uongo.

Kisha mfalme wa kijiji cha Morne Sec, mzee Lendore, akampiga Titus usoni kwa kitako cha mjeledi. Wavu wa barakoa ukabonyea, waya ukaingia jichoni. Jicho likatoka. Lile lililobaki likamshinda kulitumia. Akakaa kwenye ngazi zilezile unazoziona, akanywa ramu mpaka ramu ikammaliza. Agnita alimzika, akalitupa taji darini, na hakumfundisha mtu tena.

Alibaki na mtoto mmoja, Alban. Kijana mrefu, fundi wa kujenga kwa mawe, mkaidi kuliko mawe yenyewe. Siku moja akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu aliingia jikoni kwa mama yake; mimi nilikuwepo, nimekwenda kuomba chumvi.

"Mama, mwaka huu nashuka barabarani."

"Unashuka kwenda wapi? Dukani?"

"Usinitanie. Taji la baba nimeshalishusha."

"Lipandishe kabla sijakuvisha sufuria."

"Usiponifundisha wewe, nitakwenda Morne Sec wanifundishe wao."

Agnita aliacha kukoroga. Wale ndio waliomtoa baba yake jicho, na huyu anasema mbele ya jirani kwamba atakwenda kukaa jikoni kwao. Nilidhani atamrushia kile chungu cha moto. Badala yake akavuta kiti. "Kaa," akamwambia. "Nitakupa hotuba ya jemadari."

Ni hotuba iliyokuwa haijasikika Petit Fond tangu Titus, kwa hiyo Alban hakuwa anaijua. Katikati yake kuna kipande ambapo jemadari anawaita kwa majina wanawe waliokufa vitani, mmoja baada ya mwingine. Agnita alikiruka kipande hicho. Alimfundisha yaliyotangulia na yaliyofuata, akayaunganisha vizuri kabisa, mwiko ukafanya kazi yake kama zamani. Hilo alikuja kulisema mwenyewe, mbele ya watu, na ndiyo maana nalijua.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kila mwaka anayefika kwanza njia panda yetu ni Papa Ezra wa kijiji cha jirani, mzee mwenye bega bovu ambaye mjeledi wake hauui hata mbu. Anazijua hotuba zote. Alban ataruka, Ezra atamkamata, atampiga kimoja juu ya zile nguo nzito, na kijana atarudishwa nyumbani kwa sheria ya mchezo kabla ya staftahi. Atachekwa. Aibu kama hiyo huenda ikamtosha asirudi tena. Na macho yake yatabaki yote mawili, maana hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka: mtoto wake awe na macho mawili.

Jumanne ilipofika, Papa Ezra hakutokea. Gauti lilikuwa limemlaza. Waliotokea, wakiteremka kilima huku wakigonga vyuma na madebe, ni Morne Sec, na mbele yao Hollis Lendore, mtoto wa yule aliyemtoa Titus jicho. Hollis alikuwa na mabega ya kubebea boti. Nilimwona Agnita akigeuka kuangalia barabara ya kwa Ezra, akaangalia tena.

"Nani huyu aliyevaa nguo za maiti?" Hollis akapaza sauti.

"Mtoto wa Titus!" tukamjibu.

"Titus yupi? Yule mwenye jicho la kuazima?"

Wanawake wa Morne Sec wakacheka mpaka ndoo zikalia. Alban hakusubiri. Alipiga hatua moja mbele. "Dai hotuba, wewe ng'ombe. Nimeamka mapema kwa ajili yako."

"Nipe ya jemadari."

Hollis hakuwa na njia ya kujua kwamba ina pengo, ameitaja tu. Alban akaimwaga. Mungu wangu, aliimwaga! Sauti ya baba yake tupu. Watu wa Petit Fond tulikuwa tunalia na kupiga makofi. Akafika katikati, akapita moja kwa moja, na Hollis akainua mkono.

"Simama hapo hapo. Wana wa jemadari wako wapi?"

"Wana gani? Jemadari hana mtoto."

"Eti hana mtoto! Jamani, huyu kawazika bila jeneza! Umeruka, bwana mdogo. Geuka nikupe chako."

"Sigeuki. Hotuba hii kanifundisha mama yangu, na Agnita Quashie hakosei."

"Agnita hakosei!" tukaitikia sote, na mimi kwa sauti kubwa kuliko wengine. Nilimtazama Agnita aitikie pamoja nasi. Alikuwa ameishikilia ndoo yake kifuani, anaitazama barabara ya kwa Ezra.

Hollis akapiga. Mjeledi wa waya uliosukwa ulimzunguka Alban shingoni ukarudi na ngozi. Alban akajibu, akamchana Hollis kuanzia bega mpaka kwenye kiwiko, na hapo ikawa basi. Wanaume walivaana. Mtu wa madebe alinijia, nikamtupia jiwe likampata mdomoni, akatema meno mikononi mwake akawa anayaangalia. Binamu yangu alipigwa kwa kipande cha mti wa uzio akaanguka mtaroni, wakawa wanampiga mle mle mtaroni. Damu ilikuwa barabarani, kwenye nguo, kwenye ukuta wa kanisa. Agnita aliamka kama aliyemwagiwa maji, jiwe lake la kwanza likampasua Hollis juu ya sikio. Ndipo alipomwuliza kama anataka la pili.

Hollis hakuanguka. Alikuwa amemkamata Alban kwa taji, akamvuta chini, akageuza mjeledi na kumshindilia kitako usoni. Mara moja. Mara ya pili wavu wa barakoa ukabonyea, na damu ikaanza kutoka kwenye matundu ya waya.

Agnita alidondosha ndoo. Aliingia katikati ya wanaume wale, mwanamke wa umbo dogo tu yule, mjeledi wa mtu mwingine ukampata mkononi na hakuutazama. Akaung'ang'ania mkono wa Hollis kwa meno. Alipouachia, aliinua kichwa akaanza kusema. Hakupiga kelele za kuomba. Alikisema kile kipande. Wana wote wa jemadari, mmoja mmoja, na mahali kila mmoja alipoangukia, bila kusita wala kumeza mate, na damu ya Hollis ikiwa mdomoni mwake.

Vita vilisimama. Waliokuwa wanampiga binamu yangu mtaroni waliacha na kumsikiliza.

"Kipande kipo," Agnita akasema. "Nilikiruka makusudi. Nilitaka Ezra ampige kimoja arudi nyumbani."

Alban alikuwa amepiga magoti. "Mama, unasema nini?"

"Umesikia ninachosema."

"Nimepigana kwa ajili ya jina lako!"

"Sikukutuma."

Hollis akajifuta damu sikioni. "Basi Petit Fond wamekubali. Kijana ageuke apate chake, twende zetu."

"Yeye hakuruka," Agnita akamwambia. "Alisema alichofundishwa. Aliyeruka ni mimi. Wangu huo."

"Mimi sipigi wanawake."

"Na sisi wanawake tumekupasua kichwa sasa hivi, hukuuliza nani kakupasua. Piga! Na ukinigusa kana kwamba unafukuza nzi, nakwambia, ndoo nzima itahamia usoni kwako."

Akageuka. Alikuwa na gauni la pamba jepesi, hakuna taji, hakuna nguo nzito. Nilitegemea mtu aseme basi. Nilitegemea hata mimi niseme. Hakuna aliyesema, kwa sababu tulikuwa na hasira naye, kijiji kizima. Alikuwa ametufanya tumwage damu kwa ajili ya uongo. Mimi nilitaka apigwe.

Hollis akapiga, na akapiga sawasawa. Gauni lilifunguka kuanzia bega mpaka kiunoni, na chini ya gauni mgongo nao ukafunguka. Magoti yake yalikunjika, akayanyoosha. Kisha akamwendea mtoto wake, akamvua barakoa mwenyewe, akaondoa waya taratibu kwa kucha. Nyusi ya Alban ilikuwa imepasuka mpaka mfupa unaonekana. Agnita akamshika kidevu, akafungua kope moja, akatazama. Akafungua ya pili, akatazama.

"Mazima," akasema.

Alban alitema damu miguuni mwa mama yake. Akauacha mjeledi chini, akalivua taji la baba yake akaliacha chini, akaondoka kwa miguu. Hajarudi kwenye mchezo tena, mpaka leo. Alichokitaka Agnita alikipata chote.

Kwaresima yote mawe yaligonga bati lake, na hayakuwa ya Morne Sec. Mtu alimchinjia mbuzi wake wawili akawaacha mlangoni. Hakuna aliyemkaribisha kwenye sadaka, na sadaka hapa kwetu hata mbwa wa mgeni anakula. Nilikuwa wa kwanza kumsalimia tena, na mimi mwenyewe ilinichukua miaka.

Alban alijenga upande wa pili wa kilima, akaoa, akapata watoto. Barabara ni moja. Kila siku anapita na gari lake la mchanga kwenda kazini, hatua chache tu kutoka kwenye ngazi za mama yake, na uso wake ameugeuzia baharini. Siku hizi Agnita macho yana ukungu, haoni vizuri mpaka barabarani, kwa hiyo huniita.

"Eudora, hilo gari ni lake?"

"Ni lake, Bi Agnita."

"Anaona vizuri? Hajafunga kitambaa?"

"Hajafunga kitu. Macho yake mazima, yote mawili."

Gari likishapita na vumbi likishatulia, huuliza lile la mwisho, mikono imesimama juu ya mbaazi. "Kaangalia huku?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini yule mama nilishamwona akilipia uongo, siwezi kumwuzia mwingine.

"Hapana, Bi Agnita. Leo hapana."

"Haya," husema, na kuendelea kumenya.