Kadi Aliyoniambia Nikaitupe

Ijumaa nilikwishatia kompyuta kwenye mkoba, niende dukani kwake Kilwa Masoko nikamwaibishe fundi simu yule kama alivyoniaibisha, simu ikalia. Fundi amefariki alfajiri, maziko baada ya swala. Inna lillahi. Nilisikitika, wallahi, lakini kwanza nilikasirika. Ameniponyoka.

Wasomaji wangu mtanivumilia, najua marehemu husemwa kwa mema. Mema anayo, simu za nusu ya mji huu zimepona mikononi mwake. Mimi nilimpelekea memori kadi yenye video ya singo ya mdogo wangu, mama yetu akiwa bado hai, anacheka. Nakala nyingine hakuna. Singo ni shughuli ya wanawake ya kumsinga bibi harusi kwa liwa na manukato, watu wako vichwa wazi, hivyo sikutaka aifungue kwenye mashine yake. Nilimwomba tu aifanye kompyuta yangu, inayotumia Linux badala ya Windows, ikubali kile kidude cha USB cha kusomea kadi. Hata hakukichomeka.

"Dada, hii mashine ya wabishi," alisema, duka zima likisikia. "Nikupigie Windows, au hiyo kadi katupe. Imekufa."

Watu wakaangua kicheko. Tangu hapo kila nikipita ananiita, "Linux, hujambo?"

Nikajifungia na hasira zangu. Kumbe mashine ilikiona kidude tangu mwanzo na kadi ilikuwa nzima. Mashine ilikosa programu ndogo tu ya kusoma kadi zilizopangwa kwa mtindo wa exFAT. Nikaipakua, nikachomoa, nikachomeka tena, mama akatokea kwenye kioo. Nililia. Halafu nikaitambua sauti inayoongoza wimbo: mama yake fundi, naye ametangulia, na fundi kila mara akilalamika kwamba hana hata sauti yake. Nisingemwonyesha wake za watu. Ningeiweka mashine mezani pake, mbele ya wateja walewale, nimsikilizishe.

Mafundi wa namna hii tunao wengi, na si wa kompyuta tu. Anakutazama wewe, hatazami ulichomletea, kisha anatoa hukumu.

Baada ya arobaini binti yake alikuja kwangu. Alimsikiliza bibi yake, akarudia, machozi yakimtoka.

"Shangazi, mbona baba hakuwahi kuisikia?"

Ningeweza kumsitiri marehemu. Sikutaka.

"Aliniambia nikaitupe."

Nanyi mafundi mliobaki, chomekeni kwanza. Huyo mnayemcheka huenda amewabebea mama yenu.