Kumi Isiyo Yake

Mtaani walimwita Mama Kitana, maana kitana hakikumtoka kichwani hata akienda sokoni. Alikuwa msusi. Shule aliiacha alipobeba mimba ya binti yake, na sasa binti huyo alikuwa kidato cha pili. Mwaka huo mama naye akajiandikisha masomo ya jioni, kidato hichohicho.

Miaka yote binti akirudi kutoka shule, kabla hata hajavua viatu, alikuwa anakutana na swali la mama: "Umepata ngapi?" Salamu ilisubiri.

Sasa zamu ikawa ya mama. Zoezi lake la kwanza la hesabu lilirudi na mbili juu ya kumi, kwa wino mwekundu. Kesho yake saluni hakutulia. Anasuka, anafumua, anaanza upya.

"Dada, vipi leo?" mteja akamuuliza kupitia kioo. "Njia zote zimepinda."

"Nisamehe, shoga. Akili yangu haipo hapa."

Zoezi la pili alifuta na kufuta mpaka karatasi ikatoboka. Binti akamwonea huruma. "Lete nikumalizie, mama. Mara moja tu."

"Hapana, nitafanya mwenyewe," akasema, huku mkono wake ukimsogezea daftari.

Likarudi na kumi. Kabla hajaifurahia, mwalimu, kijana mdogo hata kwa kitinda mimba wa kwao, akamwita mbele. "Mama, hebu waonyeshe wenzako ulivyoipata hii ya mwisho."

Akashika chaki. Akaandika namba, akaifuta kwa kiganja. Jasho likamtiririka mgongoni. Angeweza kusingizia kichwa kinamuuma, lakini aliona angeumwa kichwa kila jioni mpaka mwaka uishe.

"Mwalimu, hii kafanya binti yangu."

Darasa zima likaangua kicheko. "Na sisi tuazime huyo binti!" akapaza sauti fundi baiskeli, aliyekaa nyuma. Mwalimu naye alicheka kidogo, kisha akaikata ile kumi. "Rudia. Niletee ya kwako."

Safari hii alimwomba binti amweleze, asimfanyie. Binti akageuka mkali kama pilipili. "Siyo hivyo, mama! Nimeshasema mara ngapi?"

"Ukinifokea ndiyo sielewi kabisa."

Binti akaweka kalamu chini, akamtazama. "Hata mimi huwa hivyohivyo."

Mama akainuka. Akafunga dirisha lililokuwa limefungwa tayari, akarudi kukaa. "Haya, nieleze tena," akasema. "Taratibu."

Akapata sita. Siku nzima alizunguka nayo saluni kama mtu aliyevaa kiatu kipya kinachobana. Sita ya jasho lake! Lakini kwa nini isiwe saba? Akimsimulia mteja huyu anatamba, mwingine akisema "sita tu?" anatamani angenyamaza. Ile kumi bado ilimuuma, na kibaya zaidi, bado aliitamani.

Jioni ile mwalimu akatoa zoezi jipya, la pembetatu. Mama Kitana hakungoja kufika nyumbani. Wenzake wakatoka, taa za nyuma zikazimwa, mlinzi akaanza kutikisa funguo mlangoni.

"Mama, nafunga."

"Ngoja kidogo, mwanangu," akasema bila kuinua kichwa. "Hii kona inanichezea akili."