Udi wa Mita Tatu Chini

Siku hizi nikipita Bububu huinamisha kichwa, na sababu naitoa mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine.

Tulikwenda kuchukua sampuli za udongo kwenye kituo cha mafuta, kandokando ya matangi yaliyofukiwa, maana Bi Zuwena, jirani wa kituo, alilalamika kuwa kisima chake kinanuka petroli. Haji, mchimbaji wetu, akapandisha udongo wa mita tatu. Nikauchota kwa glavu, nikaunusa. Ulinuka udi, kama nyumba yenye maiti.

Shimo la pili, udi. La tatu, udi mtupu. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, upepo hakuna, na mimi vinyweleo vimenisimama.

"Haji, hapa pamezikwa mtu," nikanong'ona.

Haji akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Nami, msomi mzima, nikapaza sauti kuwa kazi isimame mpaka uwanja usomewe. Wafanyakazi wa kituo wakakimbilia barabarani.

Bi Zuwena peke yake ndiye aliyekuja, na bakora yake.

"Shikamoo bibi, usisogee!"

"Marahaba."

Akachota udongo ule ule kwa mkono mtupu, akaunusa. "Petroli, kama maji yangu." Kisha akakamata mkono wangu, akaileta glavu puani mwake. Akanitazama.

"Mwanangu, ulipofukiza buibui lako jana, na glavu hizi ulizitia juu ya chetezo cha udi?"

Mkoba wangu wa kazi, glavu zikiwemo, ulikuwa umelala ndani ya buibui lile.

"Maiti mtampata," akasema. "Ni mie, mkiniacha nnakunywa maji haya."